Mficha maradhi: jinsi wauza kompaila walivyokubali kuanika makosa yao



Mwezi uliopita nilipata barua pepe kutoka kwa fundi mmoja wa Kericho anayetunza mizani za kielektroniki katika vituo vya kununulia majani chai. Anatumia maktaba yangu ndogo ya C++ inayosoma rekodi za uzani, na toleo langu jipya lilikataa kabisa kukompailiwa kwenye kifaa chake. Kompaila yake ni ya zamani, ilikuja na mizani kutoka kiwandani, na kiwanda chenyewe hakijibu barua. Mimi sina mizani hiyo wala kompaila hiyo. Nikaanza kumwandikia, "Pole sana kaka, kompaila hiyo siihudumii tena." Kabla sijaituma nikakumbuka historia moja niliyoifuatilia kwa muda mrefu, nikaifuta ile barua.

Leo nataka kuwasimulia historia hiyo, maana inahusu swali lile lile. Maktaba ikikataa kufanya kazi kwenye kompaila fulani, ni nani mwenye kosa, na ni nani agharamie kulitafuta?

Kila kompaila na lahaja yake

Kwa wasioandika programu, wacha nieleze kwa ufupi. Kompaila ni programu inayogeuza msimbo alioandika binadamu kuwa maagizo ambayo prosesa inayaelewa. Maktaba ni msimbo uliokwisha kuandikwa ili wengine wautumie badala ya kuanza upya. Mwandishi wa maktaba hajui kazi yake itapita kwenye kompaila gani. Anachotegemea ni kiwango, yaani kitabu cha sheria za lugha, na anaomba Mungu kila kompaila iwe imekisoma kitabu hicho vizuri.

Sasa, kiwango cha kwanza cha kimataifa cha C++ kilitoka mwaka 1998, wakati lugha yenyewe ilikuwa imeuzwa madukani tangu 1985. Kwa miaka hiyo yote kila kampuni ilikuwa na lahaja yake: Borland yake, Microsoft yake, Sun, HP na IBM zao. Mwaka huo huo wa 1998 Microsoft ilitoa Visual C++ 6.0, ambayo ilikuja kupendwa mno na watu wa Windows na kukaa kwenye mashine zao kwa miaka mingi. Kiwango kinasema kigezo kinachotangazwa ndani ya kitanzi cha "for" kinakufa kitanzi kinapoisha. Katika Visual C++ 6.0 hakikufa, kiliendelea kuishi nje ya kitanzi. Ukiandika vitanzi viwili vyenye "int i", kompaila inakulaumu kwamba umetangaza i mara mbili. Waandishi wa programu walipachika mstari huu juu ya faili zao:

#define for if (0) {} else for

Ni ujanja wa ajabu, lakini ulifanya kazi. Kigezo kilifungiwa ndani ya tawi la "else" na kufa humo.

Lahaja hizi hazikuisha haraka. Chuoni nilikosomea, hata mimi wa juzi juzi, tulifundishwa kwa kompaila ya enzi za DOS, ile ya skrini ya bluu. Nilipopeleka msimbo wa zoezi langu la kwanza nyumbani na kuujaribu kwenye GCC, ulikataliwa kuanzia mstari wa kwanza, kwa sababu niliandika "iostream.h" na jina hilo halikuwahi kuwa ndani ya kiwango. Nilidhani nimeharibu kompyuta. Kumbe nilikuwa nimefundishwa lahaja bila kuambiwa kuwa ni lahaja.

Chakula cha jioni Ufaransa

Mwanzoni mwa 1998 kamati ya kiwango cha C++ ilikutana Sophia Antipolis, kusini mwa Ufaransa. Wakati wa chakula cha jioni, Robert Klarer na Beman Dawes walizungumzia wazo la kuwa na mahali pamoja pa kuweka maktaba nzuri za C++, za bure, zilizokaguliwa na wenzao. Mei mwaka huo Dawes akaliandika pendekezo hilo. Hivyo ndivyo Boost ilivyozaliwa.

Waanzilishi wa Boost walikuwa watu wa kamati. Walikijua kiwango kuliko watu wengi, na waliandika msimbo uliotumia kila pembe yake, hasa templeti. Templeti ni njia ya kuandika msimbo mara moja na kuiachia kompaila iutengeneze upya kwa kila aina ya data. Kiwango kinakuruhusu pia kuifafanua templeti upya kwa kundi fulani tu la aina, tuseme kwa vielekezi vyote. Visual C++ 6.0 haikulijua jambo hilo kabisa, na kompaila nyingine zililijua nusu nusu. Kwa hiyo maktaba za Boost, ambazo zilikuwa sahihi kwa mujibu wa kitabu, ziliangusha kompaila moja baada ya nyingine.

Mwanzoni maktaba ndizo zilizoinama. Boost ilijitengenezea sehemu inayoitwa Config, ambayo John Maddock alikuwa mmoja wa watu wake wakuu. Humo kila upungufu wa kompaila ulipewa jina la makro. Kompaila isiyojua kufafanua templeti kwa sehemu ilipewa BOOST_NO_TEMPLATE_PARTIAL_SPECIALIZATION. Mwandishi wa maktaba aliuliza makro hiyo, na ikiwa ipo alifuata njia ya kando, ndefu na chafu zaidi. Faili nyingi zilijaa njia za kando kuliko barabara yenyewe.

Jambo hili lina ubaya wake. Anayeinama kila siku huisha mgongo. Mwandishi wa bure, anayefanya kazi usiku baada ya ajira yake, alikuwa akibeba mzigo wa kampuni zilizouza kompaila kwa pesa nzuri.

Jedwali

Kilichobadilisha mambo ni jedwali la majaribio.

Kila maktaba ya Boost huja na majaribio yake. Mengine ni programu ndogo zinazokompailiwa na kuendeshwa ili kuona kama jibu ni sahihi. Mengine hukompailiwa tu. Na kuna aina moja inayonifurahisha kila nikiikumbuka: majaribio yanayofaulu pale tu kompaila inapoukataa msimbo. Ukiandika upuuzi na kompaila ikaukubali, hilo nalo ni kosa.

Majaribio haya huitwa ya rigresheni kwa sababu swali lake kuu ni kama kile kilichofanya kazi jana kimerudi nyuma leo. Ni mfano wa mama anayehesabu kuku kila jioni. Anataka kujua kama wale wa jana wamerudi wote.

Mtu yeyote mwenye mashine na kompaila angeweza kuyaendesha. Skripti ya Python ilichukua msimbo mpya wa siku, ikakompaili kila jaribio, ikakusanya matokeo na kuyatuma. Kuanzia miaka ya 2003 na 2004, kampuni ya MetaCommunications ya Marekani, alikofanya kazi Aleksey Gurtovoy wa maktaba ya MPL, ilijenga mfumo wa kuyaunganisha matokeo hayo kuwa majedwali. Kila safu ilikuwa kompaila moja kwenye mashine ya mtu mmoja, na kila mstari jaribio moja. Lililofaulu rangi moja, lililoanguka rangi nyingine. Makosa yaliyojulikana tayari yaliandikwa kwenye faili maalumu pamoja na maelezo ya sababu yake, ili jipya lisijifiche katikati ya ya zamani.

Na jedwali lile lilikuwa wazi kwa dunia nzima.

Tafadhali shikeni hilo, kwa sababu ndilo kiini cha hadithi. Kampuni za kompaila zilikuwa na majaribio kabla ya Boost. Ziliyanunua. Plum Hall na Perennial waliuza mikusanyiko mikubwa ya kupima kama kompaila inafuata kiwango. Lakini mnunuzi aliyaendesha ndani ya ofisi yake, na matokeo yalibaki kwake. Mteja alisoma kwenye tangazo kwamba kompaila inafuata kiwango, akalipa, kisha akayagundua mashimo mwenyewe saa nane za usiku. Sasa mteja huyo aliweza kufungua jedwali la Boost na kuona safu ya kompaila anayotaka kununua, imesimama kando ya safu ya mshindani wake, na mashimo yote yanaonekana.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Wenye maradhi wanajitokeza

Unaweza kufikiri kampuni zingekasirika. Zilizokuwa na akili zilifanya kinyume: zilianza kuyatumia majaribio hayo zenyewe.

Microsoft ndiyo mfano mkubwa. Mwaka 2003 ilitoa Visual C++ 7.1, na safari hii ilijitangaza kwa kutaja maktaba: Boost, Loki na Blitz++. Hizo zilikuwa maktaba ngumu zilizojulikana kwa kuangusha kompaila, na ujumbe ulikuwa kwamba sasa zinakompailiwa. Ndani ya miaka mitano maktaba ya watu wa kujitolea ilikuwa imegeuka kuwa mtihani ambao kampuni kubwa inajivunia kuufaulu. Mzigo ulihama bega.

HP na IBM nazo zina somo lao. Kompaila ya HP ilikuwa ya HP-UX kwenye prosesa za Itanium, na ya IBM ilikuwa ya AIX. Hizo si mashine ambazo mtu anaweka sebuleni. Mwandishi wa Boost hata angetaka kulijua tatizo la huko, hakuwa na pa kulionea. Wahandisi wa kampuni zenyewe ndio walioendesha majaribio kwenye mashine zao na kuyatuma, na mara nyingi waliambatanisha marekebisho: hapa kosa ni letu na tutalitibu katika toleo lijalo, hapa kosa ni lenu na huu hapa msimbo wa kulirekebisha. Mwaka 2008 orodha ya kompaila zilizopimwa kwa matoleo ya Boost ilikuwa na za HP na IBM ndani yake.

Msidhani kila shimo lilitokana na uvivu. Sun ilikuwa na sababu nzuri ya kubaki nyuma. Kompaila yake ilikuja na maktaba ya kiwango ya zamani, libCstd, nayo haikuweza kubadilishwa kwa sababu wateja walikuwa wameahidiwa kwamba programu zao zilizokwisha kukompailiwa zitaendelea kushirikiana na mpya. Ukitaka Boost ifanye kazi vizuri ulilazimika kuiambia kompaila itumie STLport badala yake. Hapo ahadi kwa mteja wa jana iligongana na haki ya mteja wa leo, na jedwali haliwezi kuamua ugomvi kama huo. Linachoweza ni kuonyesha gharama yake.

CodeGear, waliorithi kompaila ya Borland, walifika wakati kompaila yao ikiwa imekimbiwa na waandishi wengi wa maktaba. C++Builder ya 2009 ilikuja na Boost ndani ya kifurushi. Na Mei 2010 watu wa Clang, kompaila iliyokuwa mpya kabisa na iliyokuwa imeweza kujikompaili yenyewe miezi michache tu nyuma, walitangaza kwa shangwe kwamba inajenga Boost. Aliyetoa tangazo hilo, Doug Gregor, alikuwa pia mmoja wa waandishi wa maktaba za Boost. Kwa kompaila mpya, kupita pale kulikuwa kama kupita jando.

Rangi nyekundu ikizidi

Lakini jedwali lina njaa. Kadiri safu zilivyoongezeka ndivyo makosa yalivyoongezeka, na toleo haliwezi kutoka huku nusu ya jedwali ikilia. Boost 1.33 ilitoka Agosti 2005. Toleo kubwa lililofuata, 1.34, lilitoka Mei 2007. Karibu miezi 21! Matatizo ya mfumo wa kujenga na ya majaribio yalikuwa sehemu kubwa ya kucheleweshwa huko.

Dawa waliyoipata ilikuwa kukubali kwamba safu zote si sawa. Ziliteuliwa kompaila za msingi, ambazo makosa yake yanaweza kuzuia toleo, na nyingine zikabaki za kuangaliwa tu. Kuanzia 2008 Boost ikaanza kutoa toleo kila baada ya miezi mitatu hivi.

Tuseme ukweli, huo ulikuwa uamuzi wa kisiasa hata kama ulivaa nguo za kiufundi. Kompaila iliyo na mtu wa kuendesha majaribio kila usiku ina sauti. Isiyo na mtu, haina. Visual C++ 6.0 na kompaila za zamani za Borland zilidumu ndani ya Boost muda mrefu kwa sababu palikuwa na watu waliozisemea. Watu hao walipoondoka, mwanzoni mwa miaka ya 2010, njia zao za kando zilifutwa kwa maelfu ya mistari na hakuna aliyelia sana.

Safu zinazokufa

Safu nyingine zilikufa na mashine zake. Sun ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010. Itanium za mwisho ziliondoka Intel mwaka 2021. Intel yenyewe iliacha kompaila yake ya jadi mwaka 2023 na kuhamia kwenye ile iliyojengwa juu ya Clang na LLVM. IBM na warithi wa C++Builder nao wameelekea huko huko. Kampuni zilizokuwa zikishindana kwa lahaja zao zimeishia kujenga juu ya msingi mmoja ulio wazi, ambao ulijipima kwa Boost tangu utotoni.

Boost ilihamia GitHub mwaka 2013, na siku hizi majaribio huendeshwa yenyewe kwenye seva za kukodi kila mtu anapobadilisha msimbo. Tabia ya kuanika makosa imebaki. Microsoft ilipofungua msimbo wa maktaba yake ya kiwango mwaka 2019, iliweka humo faili inayoorodhesha majaribio ya libc++, maktaba ya upande wa Clang, ambayo inatarajia kuyashindwa. Jambo ambalo mwaka 1998 lingekuwa siri ya kampuni, leo ni faili ya maandishi ambayo mwanafunzi wa Eldoret anaweza kuisoma kwenye simu.

Beman Dawes alifariki mwaka 2020. Watu wengi wanaotumia C++ hawajui jina lake, ingawa maktaba 10 za Boost ziliingia katika ripoti ya kiufundi ya kamati iliyojulikana kama TR1, na nyingi zake zikaingia kwenye kiwango cha 2011. Kila mnapoandika shared_ptr mnakula matunda ya mti ule.

Turudi Kericho

Basi yule fundi nilimwandikia hivi: "Kaka, mimi sina mizani yako, wewe unayo. Nakutumia majaribio yote 41 na skripti ya kuyaendesha. Yaendeshe usiku vituo vikifungwa, unitumie matokeo hata yakiwa mabaya."

Yalikuwa mabaya. Baada ya kurekebisha yale yaliyozuia kukompaili, majaribio matatu yalianguka. Moja lilitokana na kompaila yake kweli, na nilipita kando. Mawili yalikuwa makosa yangu. Nilikuwa nimehifadhi marekebisho ya uzito wa gunia, namba ndogo inayoweza kuwa hasi, ndani ya aina ya "char" bila kusema kama ina alama ya hasi au la. Kwenye prosesa ya kompyuta yangu "char" hubeba hasi. Kwenye ARM ya mizani yake haibebi. Kiwango kinaruhusu zote mbili. Kule Kericho, -1 yangu ingesomwa kama 255.

Hebu fikirieni mkulima amepanga foleni na gunia lake, na mizani inamjumlishia 255 badala ya kumtolea 1, au kinyume chake. Na mimi nilikuwa karibu kumwandikia mwenye mizani kwamba kompaila yake ndiyo mbovu.

Sasa kwenye ukurasa wa maktaba yangu kuna jedwali dogo. Lina safu nne, na ya nne ni ya Kericho. Siku fundi akiacha kutuma nitaiondoa, kwa sababu rangi ya kijani isiyopimwa ni uongo. Lakini mpaka siku hiyo, nikiivunja safu yake, toleo halitoki.

Tuonane wakati mwingine. Na kama una kifaa cha ajabu ambacho maktaba fulani inakataa kufanya kazi juu yake, usimtumie mwandishi malalamiko matupu. Mtumie matokeo.